Methadoni, buprenofini, naltreksoni au kusafisha mwili tu: namna ya kuchagua kwa anayetaka kuacha heroini

Familia yenye mtu anayetumia heroini, iwe Kisenyi katikati ya Kampala au Busia mpakani, haikosi washauri. Mmoja atasema afungiwe ndani wiki nzima mpaka arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, imwishe. Mwingine amesikia kwamba Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wanatoa dawa ya kunywa kila siku. Wa tatu ana jamaa aliyepona kwa kuweka kidonge chini ya ulimi, na wa nne anapendekeza sindano ya mwezi mzima inayoifanya heroini isilevye hata ikitumiwa. Kila ushauri kati ya hiyo una msingi wa kitabibu na umewahi kumfaa mtu fulani. Tatizo ni kwamba hauwafai watu wale wale, na anayeuchukua bila kujua dawa husika inafanya nini mwilini anaweza kujiweka katika hatari kubwa kuliko ile aliyokuwa akiikimbia.

Ulinganisho huu unahusu dawa za jamii ya afyuni pekee, yaani heroini pamoja na jamaa zake wa hospitali na wa duka la dawa: mofini, pethidini, kodeini na tramadoli. Methadoni na buprenofini hazimtibu mraibu wa mairungi, bangi au kokeini, kwa sababu vitu hivyo vinapitia njia nyingine katika ubongo. Naltreksoni ina matumizi ya ziada kwenye pombe, nayo tutaitaja mahali pake.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vitano: dawa inafanya nini kwenye ubongo, wiki ya kwanza inakuwaje, inadai ratiba gani ya maisha, hatari ya kufa iko wapi, na inapatanaje na dawa nyingine ambazo mtu wa Uganda ana uwezekano mkubwa wa kuzitumia. Sikuweka kigezo cha "nguvu" ya dawa, ingawa ndicho kinachoulizwa kwanza na kila mzazi. Swali hilo halina jibu lenye maana mpaka uulize nguvu ya kufanya nini.

Heroini inavyomfunga mtu

Ubongo una vipokezi ambavyo kwa kawaida hupokea kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu. Heroini huingia kwenye ubongo haraka sana, hugeuka kuwa mofini, na mofini hiyo hukalia vipokezi hivyo. Matokeo yake ni kwamba seli zilizokuwa zikizuia utoaji wa dopamini, kemikali ya ubongo ya kuchochea hamu, hunyamazishwa, dopamini hufurika katika eneo la ubongo linalohusika na thawabu na mazoea, na ubongo hujifunza kwa nguvu isiyo ya kawaida kwamba jambo hili lirudiwe. Kasi ndiyo yenye uzito hapa. Kadiri dawa inavyofika ubongoni ghafla, ndivyo fundisho hilo linavyokita mizizi, na ndiyo maana anayejidunga au anayevuta moshi hunaswa upesi kuliko aliyemeza kitu cha jamii hiyo hiyo.

Baada ya wiki kadhaa za matumizi ya kila siku hutokea mambo mawili ambayo watu huyachanganya na uraibu wenyewe. La kwanza ni usugu, yaani dozi ya jana haitoshi leo. La pili ni utegemezi wa mwili: seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali ya kuushtua mwili, zikiwa zimezoea kukandamizwa, hulipuka pale heroini inapokosekana. Hiyo ndiyo arosto. Miayo, kamasi, machozi, vipele vya baridi, mboni za macho kupanuka, tumbo kukata, kuharisha na kukosa usingizi huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida hupoa ndani ya wiki moja. Uraibu ni jambo la tatu, nalo ni ile hamu inayobaki na kumvuta mtu hata akiwa ameshajua hasara yake. Wiki ikiisha, arosto imekwisha na usugu umeshuka sana, lakini hamu iko pale pale. Mpangilio huo ndio unaoamua karibu kila kitu katika kurasa hizi.

Dawa inafanya nini ubongoni

Kipokezi ukikifikiria kama kiti cha teksi inayotoka paki kuu, heroini ni abiria anayerukia ndani na kushuka baada ya vituo vichache. Methadoni hukalia kiti kile kile, huiendesha seli kikamilifu kama heroini, ila hupanda polepole na kukaa zaidi ya siku nzima. Mtu aliyefikia dozi inayomtosha halewi wala hapati arosto, na akijidunga heroini juu yake hahisi mengi, kwa sababu usugu wake umepandishwa na viti vimejaa.

Buprenofini hukalia kiti kwa ung'ang'anizi kuliko wote, lakini huiendesha seli nusu tu. Ung'ang'anizi huo una matokeo mawili yanayoonekana kama yanapingana: huizuia heroini isipate nafasi, na pia humwondoa abiria yeyote aliyekuwa amekaa. Unusu wake nao huweka kikomo, kwani kupita dozi fulani athari zake kwenye pumzi haziongezeki tena. Mara nyingi kidonge chake huchanganywa na naloksoni, dawa inayozima athari za afyuni, ambayo chini ya ulimi haiingii mwilini kwa kiasi cha maana, lakini mtu akikiponda na kujidunga humletea arosto papo hapo.

Naltreksoni hukalia kiti na kuiacha seli imezimwa. Haiondoi arosto, haimpi mtu utulivu wowote, na wala haileti utegemezi. Kazi yake ni kuifanya heroini isiwe na pa kukaa.

Kusafisha mwili, yaani kuacha na kungoja heroini itoke, hakugusi viti hata kidogo. Hospitali inayofanya hivyo vizuri hutoa dawa za dalili, kwa mfano klonidini, dawa ya presha inayotuliza ile noradrenalini iliyolipuka, pamoja na za kichefuchefu, za kuharisha na maji ya kutosha.

Hapa ndipo linapojitokeza lile lalamiko la kwamba methadoni na buprenofini ni "kubadilisha ulevi kwa ulevi". Ni lalamiko la haki kulitoa, na jibu lake liko kwenye kasi. Utegemezi wa mwili unaendelea, hilo halifichiki: mtu akizikatiza ghafla ataumwa. Kinachokoma ni ule mpando na mshuko wa mara tatu au nne kwa siku unaomfanya mtu aishi kwa ajili ya dozi ijayo. Vincent Dole na Marie Nyswander walipoanza kutumia methadoni kwa njia hii mjini New York katikati ya miaka ya 1960, jambo waliloliona ni kwamba wagonjwa waliacha kuzungumzia heroini na kuanza kuzungumzia shule na kazi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza methadoni na buprenofini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Wiki ya kwanza

Kwa methadoni, mtu huanza akiwa bado hajapitia arosto kali, na hiyo ni nafuu kubwa. Hatari yake imejificha. Dozi ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, nayo huonekana ndogo mno kwa aliyezoea heroini nyingi, kiasi cha kumfanya alalamike dirishani kwamba anachezewa. Chukua mtu ambaye mwili wake hutoa nusu ya dawa kila saa 24. Jumatatu akimeza ana miligramu 30 mwilini. Jumanne asubuhi zimebaki 15, anaongeza 30, anakuwa na 45. Jumatano anafika 52.5, Alhamisi zaidi ya 56, na Ijumaa anakaribia 60. Dozi haijabadilika hata tone, lakini kilichomo mwilini kimekaribia mara mbili. Wapo pia ambao miili yao huitoa dawa hii polepole kuliko huyo, nao hulimbikiza zaidi. Ndiyo sababu muuguzi hukataa kuongeza haraka, na ndiyo sababu anayejiongezea heroini au waragi (pombe kali) siku ya tatu anaweza kulala asiamke.

Buprenofini inadai subira ya aina nyingine. Kwa kuwa humwondoa abiria aliyekaa, mtu akiiweka chini ya ulimi huku heroini ingali kwenye vipokezi, hutupwa kutoka kwenye uendeshaji kamili hadi nusu kwa dakika chache, na kupata arosto mbaya kuliko ile aliyoizoea. Anapaswa asubiri angalau saa 12 baada ya heroini, na zaidi ya siku nzima kama alikuwa kwenye methadoni, mpaka mhudumu aone kwa macho yake miayo, vipele na mboni zilizopanuka. Wengi wanaosema "buprenofini ilinikataa" waliianza mapema. Akishavuka hapo, dozi inayofaa hupatikana ndani ya siku mbili tatu, wakati ya methadoni huchukua wiki kadhaa.

Naltreksoni ndiyo yenye lango jembamba zaidi. Mtu lazima awe hajatumia dawa yoyote ya jamii ya afyuni kwa siku 7 hadi 10, maana yake anapitia arosto yote kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulilinganisha sindano ya naltreksoni na buprenofini kwa watu 570: asilimia 28 ya waliopangiwa naltreksoni hawakuweza hata kuianza, dhidi ya asilimia 6 kwa buprenofini. Waliofanikiwa kuanza, matokeo yao yalikaribiana.

Kusafisha mwili ni wiki ya kwanza yenyewe, hakuna zaidi. Arosto ya heroini ni mateso, ila mara chache huua mtu mzima mwenye afya akipewa maji ya kutosha. Ya pombe ndiyo huua, kwa hiyo anayetumia vyote viwili asifungiwe nyumbani kamwe.

Ratiba ya maisha

Kliniki ya Butabika, iliyoanza mwaka 2020 na kutoa methadoni na buprenofini, iko pembezoni mwa Kampala upande wa mashariki. (Tanzania ilitangulia Muhimbili mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014.) Methadoni kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu: unapewa kikombe kidogo cha maji ya dawa, unameza, unakunywa maji juu yake, kisha unaombwa useme neno ili ijulikane kwamba hukuibakiza mdomoni. Ni jambo la dakika mbili, lakini linamtaka mtu awepo kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Kwa mkazi wa Luzira au Bweyogerere hilo linawezekana. Kwa anayetoka Entebbe, nauli ya kwenda na kurudi kila siku ni gharama ya kweli ambayo familia inapaswa kuihesabu kabla ya kuanza. Mazishi kijijini nayo ni mtihani. Mtu akikosa dozi tatu mfululizo, usugu wake umeanza kushuka, na kliniki haitampa dozi ya zamani bila kumpima upya. Asichukulie kama adhabu.

Buprenofini hukaa kwenye vipokezi kwa muda unaoruhusu baadhi ya watu kutumia siku moja na kuacha moja, na kikomo chake cha usalama huifanya iwe rahisi zaidi kwa programu kumkabidhi mtu dozi za kwenda nazo. Kidonge huyeyuka kwa dakika 5 hadi 10, na katika muda huo mtu hali, hanywi wala hamezi mate hovyo, kwa sababu kinachoingia tumboni huharibiwa kwa wingi na ini.

Sindano ya naltreksoni ya miligramu 380 ni mara moja kwa mwezi, na kwa mtu anayesafiri hakuna ratiba nyepesi kuliko hiyo. Vidonge vyake vya kila siku ni habari nyingine: kwa kuwa havimpi mtu chochote anachokihisi, wengi huviacha kimya kimya ndani ya wiki chache, isipokuwa kama kuna mtu anayewaona wakimeza. Kabla ya kuijenga mipango yote juu ya sindano, ulizia kwanza upatikanaji wake wa kudumu, si wa mwezi mmoja tu.

Hatari ya kifo

Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote, na sioni haya kukiri upendeleo huo. Methadoni na buprenofini hupunguza vifo vya watumiaji wa heroini kwa takriban nusu au zaidi muda wote mtu anapobaki kwenye matibabu. Kwa methadoni, wiki nne za mwanzo ni za hatari kwa sababu ya ulimbikizaji tulioueleza, na wiki nne baada ya kuacha ni za hatari tena kwa sababu usugu umeondoka. Buprenofini ina mwanzo salama zaidi, lakini kikomo chake huvunjika mtu akiichanganya na pombe au dawa za usingizi za jamii ya diazepamu. Upande wa pili wa mizani, methadoni huwashikilia watu kwenye matibabu kuliko buprenofini, na dawa salama iliyoachwa mezani haimlindi mtu.

Naltreksoni haizuii pumzi. Kifo chake kiko nyuma ya mlango: dawa ikiisha mwilini, mtu hana usugu wowote, na kete aliyoizoea zamani sasa inaweza kumuua. Wapo pia wanaojaribu kulizidi nguvu zuio kwa heroini nyingi.

Kusafisha mwili bila matibabu ya kuendelea kuna hatari hiyo hiyo, bila hata mwezi mmoja wa ulinzi. Mtu anatoka akiwa amenenepa, ameoga, familia inamshukuru Mungu, na siku hiyo ndiyo yuko karibu zaidi na kifo kuliko alipokuwa akitumia kila siku. Hali ni ile ile kwa anayetoka gerezani.

Pamoja na dawa nyingine

Katika nchi ambayo VVU na kifua kikuu vipo katika kila ukoo, kigezo hiki si cha pembeni. Rifampisini, dawa ya msingi ya kifua kikuu, huchochea vimeng'enya vya ini vinavyoivunja methadoni, na huishusha kiasi cha kumrudisha mtu kwenye arosto wiki moja au mbili baada ya kuanza. Mgonjwa huyo akilalamika kwamba dozi haimtoshi, mara nyingi hushukiwa anataka alewe, ilhali anasema kweli na anahitaji kuongezewa. Na rifampisini ikiisha, dozi lazima ishushwe tena. Buprenofini nayo huguswa na rifampisini. Efavirenzi na nevirapini hufanya jambo la jinsi hiyo kwa methadoni, ila dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo msingi wa dawa za VVU nchini, haina mgongano wa maana nayo.

Methadoni kwa dozi kubwa inaweza pia kurefusha mpigo wa umeme wa moyo, na kwinini hufanya vivyo hivyo, huku lumefantrini ya kwenye dawa mseto ya malaria ikitakiwa kutumiwa kwa tahadhari. Malaria itibiwe, bila shaka, lakini anayeandika dawa ajue kwamba mgonjwa yuko kwenye methadoni. Flukonazoli, inayotumika sana kwa fangasi, huipandisha methadoni mwilini.

Naltreksoni haina migongano mingi ya aina hiyo. Tatizo lake ni maumivu. Uganda imesifiwa kwa mofini ya maji ambayo Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Anne Merriman mwaka 1993, iliisambaza kwa wagonjwa wa saratani. Mofini hiyo haitamtuliza mtu mwenye naltreksoni mwilini, iwe ana saratani au amevunjika paja kwa ajali ya bodaboda. Abebe kadi inayosema hivyo. Na mwenye homa kali ya ini asiianze.

Kwa hali yako

Ikiwa unatumia heroini kila siku, umeshaacha na kurudia mara kadhaa, na unaishi mahali unapoweza kufika Butabika kila asubuhi, methadoni inastahili kuwa ya kwanza kwenye mazungumzo yako na daktari, hasa kama ulikuwa ukitumia dozi kubwa ambazo buprenofini haizifikii.

Ikiwa una kazi isiyokuruhusu kupanga foleni kila siku, au una tatizo la moyo, au uko kwenye tiba inayogongana sana na methadoni, ulizia buprenofini, na ujiandae kuvumilia zile saa za kusubiri bila kudanganya kuhusu dozi yako ya mwisho. Uongo huo humuumiza anayeusema peke yake.

Mjamzito asisafishwe mwili ghafla, kwa kuwa arosto inaweza kumhatarisha mtoto tumboni. Methadoni na buprenofini zote zinakubalika kwake, na mama aliyetulia kwenye dawa anaweza kunyonyesha. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, ambazo hospitali huzitibu. Dada aliyeko kwenye hali hii awaambie wakunga mapema.

Naltreksoni humfaa aliyekwisha kukaa bila heroini kwa wiki kadhaa, mwenye sababu nzito ya kutotaka dawa yoyote ya jamii ya afyuni, na mwenye mtu wa karibu wa kumfuatilia. Kama waragi ndilo tatizo lake la pili, dawa hiyo inaweza kusaidia pande zote mbili, kwani hupunguza pia hamu ya pombe.

Kusafisha mwili peke yake kunaweza kumtosha aliyetumia kwa muda mfupi na kwa kiasi kidogo. Kwa wengine wote, kuwe hatua ya kuingilia naltreksoni au kituo chenye ufuatiliaji wa miezi, na anayemlipia ada aulize kabla ya kulipa nini kitafuata siku ya nane.

Kwa aliye Arua, Gulu au Kasese, mbali na kliniki ya kila siku, chaguo la kweli huwa ni kati ya kuhamia kwa ndugu Kampala kwa miezi ya mwanzo na kutafuta dawa isiyodai dozi ya kila siku. Kuhama kuna gharama yake, lakini kuanza methadoni na kuikatiza katikati nako kuna hatari kubwa.

Na kwa ambaye bado hajawa tayari kuchagua, walio naye nyumbani wajifunze kumtambua aliyezidisha dozi: mboni kama ncha ya sindano, midomo ya bluu, pumzi chache au hakuna, haamki ukimsugua kifuani. Apewe pumzi ya mdomo, na naloksoni kama ipo. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90 tu, muda mfupi sana mbele ya methadoni, kwa hiyo aliyezinduka apelekwe hospitali na akae chini ya uangalizi hata kama anasema yuko sawa na anataka kurudi kulala.